Samaki Wasio na Jeraha

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeilalia migomba, na jua lilipopanda nyuma ya Mawenzi lilikuwa jeupe, jeupe kama jicho la mtu mgonjwa. Maji ya mto wetu, Kiwero, niliyasikia bila kuyaona. Yalikuwa yanakwenda, yanakwenda, kama yalivyokwenda siku zote, na mimi nikayaamini kama nilivyoyaamini siku zote.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai, mwaka wa tisini na tatu, mwezi ambao huku kwetu Masama ya juu mtu akiongea moshi unamtoka mdomoni. Nilikuwa nimetoka kupeleka maziwa. Nikakukuta mlangoni, Gidioni kaka yangu, suruali imelowa hadi mapajani, jasho linakutiririka usoni.

Jasho, Gidioni. Julai.

Nililiona, nikalipita. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Laiti nisingeliona, ningekuwa na pa kujificha.

"Nimekuletea kitoweo," ulisema. "Mama nimeshampelekea wake." Ukalaza samaki wanne juu ya jani la mgomba, ukanawa mikono kwenye ndoo yangu, ukanawa tena, ukasema una haraka. Nikakwambia kaa, uji upo. Hukukaa. Uliondoka unajikwaa, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Nikabaki mimi na samaki.

Samaki hawa, trauti, si wenyeji wa mlima huu. Waliletwa na wazungu zamani, kabla hatujazaliwa, kwa sababu walitaka kuvua huku kama walivyovua kwao. Lakini aliyewalea ni baba yetu. Miaka ishirini na minane alifanya kazi kwenye mabwawa ya saruji ukingoni mwa msitu, akiwalisha vifaranga wa samaki kwa mkono, akiwabeba ndani ya madebe ya maziwa, akiwamwaga mtoni kwa upole, mikono imelowa kwanza, maana alisema mkono mkavu humchoma samaki. Wengine aliwapandisha hadi juu ya maporomoko, ambako hakuna aliyemtuma.

Kisha serikali ikapunguza watu. Mabwawa yakapasuka, vyura wakahamia. Baba akarudi nyumbani na koti lake la kazi, akaishi masika mawili, akatuacha.

Alikuwa ametufundisha sote wawili, wewe na mimi, ingawa watu walicheka kumwona msichana na fimbo ya mwanzi. Alitufundisha kumjua samaki wa bwawani kwa mapezi yaliyolika, yaliyosuguliwa na saruji akiwa mdogo. Na kumjua aliyezaliwa mtoni kwa mapezi yake yenye ncha kali kama jani la muwa. "Wa bwawani ni mgeni," alisema. "Watoto wake ndio wenye mto."

Na alitufundisha kuogopa. Kumvua trauti ni kuogopa kwa utaratibu. Ogopa kivuli chako kisianguke majini. Ogopa mguu wako usisogeze kokoto. Ogopa pumzi. Anayeogopa vizuri, alisema baba, hula vizuri. Ulikuwa unaogopa vizuri kuliko mimi, Gidioni. Ungeweza kusimama nyuma ya jiwe mpaka ndege akutue begani.

Nikamshika samaki wa kwanza, nikamfungua mdomo kwa kidole gumba.

Ndoana huacha neno. Hata ingekuwa ndogo namna gani, huacha tundu kwenye ufizi, uzi mwembamba wa damu, kipande cha mdomo kilichochanika. Nikatazama. Nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Hakuna.

Wa pili, hakuna. Wa tatu alikuwa mdogo kama kidole cha kati, na wewe tangu utoto hujawahi kuleta nyumbani samaki wa kidole. Wavu nao huacha michirizi. Hapakuwa na mchirizi. Mashavu yao yalikuwa wazi, yamepanuka, kama ya watu waliokufa wakiita.

Wa nne alikuwa mkubwa, mzee, mzito. Mapezi yake yalikuwa yamelika pembeni.

Mabwawa yalifungwa miaka mitano iliyopita. Huyu alikuwa wa baba. Alikuwa amekaa mtoni miaka yote hiyo, amekwepa ndoana zangu na zako, na leo amelala juu ya jani, mzima kila mahali, hana jeraha hata moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka chupa. Juma lililopita, sokoni, nilikuona kwa yule mtu anayepima dawa za shamba kwenye chupa za soda, dawa isiyo na jina wala karatasi. Ukaniambia ni ya nyanya. Ulikuwa umeng'oa kahawa, umepanda nyanya, na nyanya zimenyauka, nikakuamini. Na baa moja ya Moshi mjini ilikuwa inataka samaki kila Jumamosi, wengi, kwa wakati. Mtu anayesimama nyuma ya jiwe hawezi kuleta wengi kwa wakati.

Mama nimeshampelekea wake.

Nikaacha mlango wazi. Nikakimbia.

Nilikimbia kupitia kihamba cha jirani, shamba lake la nyumbani, migomba inanipiga usoni kwa majani yake mabichi, umande unanilowesha kama niliyevuka mto. Nilikimbia nikihesabu: mama ameshawasha moto, ameshawaparua, ameshawatia chunguni. Mama ana mtoto wa jicho. Mama hawezi kuona tundu la ndoana wala kukosekana kwake. Kwa mama samaki ni harufu, na harufu ya trauti chunguni ni harufu ya mumewe akirudi kazini.

Maji yalikuwa upande wangu wa kushoto, bondeni, yanakwenda. Sikutaka kuyatazama. Nikatazama. Kwenye ukingo, penye majani, kulikuwa na kitu cheupe, na kingine, na kingine, matumbo juu.

Nikaongeza mbio.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, bakuli liko mapajani, mtori wa ndizi na samaki unafuka mvuke. Kijiko kilikuwa njiani. Sikusema shikamoo, sikusema hodi. Nilipiga lile bakuli kwa kiganja, likaruka hadi kwenye majivu.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Umekula?"

"Tabitha? Umerukwa na akili?"

"Mama, umekula? Umemeza?"

"Nimeonja chumvi tu kwa ncha ya kijiko. Chakula cha moto unanimwagia! Kuna nini?"

Nikapiga magoti, nikamsukutua kinywa kwa maji ya mtungini, ya tangu jana. Nikamdanganya. Nikasema samaki wameoza.

Mama akanyoosha mikono kunitafuta. Mikono yake ikanipapasa uso, ikapata jasho, ikapata machozi ambayo sikujua kama yapo.

"Hawajaoza," alisema taratibu. "Gidioni amewaleta asubuhi hii, wabichi. Lakini hakukaa. Mtoto aliyevua kwa halali hukaa, akasubiri wakaangwe, akasifiwa. Huyu ameweka samaki akakimbia kama aliyeweka jiwe. Amefanya nini?"

"Ametia sumu mtoni, mama."

Jiko likalia, maji ya mtori yanakauka kwenye makaa. Mama hakulia. Akauliza jambo moja tu, na jambo hilo ndilo nililokuwa nimelikimbia kilima kizima.

"Na mfongo?"

Mfongo, mfereji wetu. Unachukua maji ya Kiwero chini ya maporomoko na kuyazungusha mgongoni mwa kilima, nyumba kwa nyumba, kihamba kwa kihamba. Ng'ombe hunywa humo. Watoto huchota humo. Na Jumamosi hufunguliwa saa nne.

Najua ulivyopanga, kaka. Ulimwaga alfajiri ili hadi saa nne sumu iwe imepita, imeshuka tambarare, imekuwa ya watu wengine. Ulifikiri maji yana adabu, yanaondoka yakiambiwa. Hukufikiri kwamba dimbwi la chini ya maporomoko lina tumbo, na mizizi ina mifuko, na sumu hukaa humo kama mgeni asiyeaga.

"Mama," nikasema, "nikipiga ukunga, nikiita watu, watamuua."

Maana wewe unajua na mimi najua: mtu akiiba mkungu wa ndizi anapigwa; mtu akitia sumu kwenye maji, hakuna aliyewahi kutuambia anafanywa nini.

Mama akatafuta fimbo yake, akaishika bila kusimama. "Nimezaa wawili," alisema. "Mfongo una watoto wasiohesabika. Nenda kapige ukunga."

Nikakimbia tena.

Safari hii nilikuwa napanda. Kifua kilikuwa kinawaka, miguu imekuwa ya mtu mwingine, na kila hatua ilikuwa na jina lako. Nikikaa kimya, atakufa mtoto wa nani? Nikisema, utakufa wewe. Nikikaa kimya. Nikisema. Nikikaa kimya. Mlima ulikuwa umefunikwa juu yangu, hakuna Kibo, hakuna anga, ukungu tu, na mlio wa maji ambao tangu siku hiyo haujanipa tena usingizi mzuri.

Pale kwenye banio, mfongo unapoanzia mtoni, walikuwa wamekusanyika wanaume kama kumi, majembe mabegani. Mzee Elisaria, mwenyekiti wa mfongo, alikuwa ameshaingia majini hadi vifundoni, ameinua jembe kuvunja lile tope na magome ya migomba yanayozuia maji.

"Shikamoo, mzee!" nililia.

Mpaka leo watu wananicheka kwa hilo. Dunia inakwisha, na mimi naamkia.

"Marahaba," alisema, jembe liko hewani. "Mwanamke hapa kwenye banio anatafuta nini?"

"Usifungue. Toka majini, mzee. Mto una sumu."

Wakanitazama. Kisha mmoja wao akatazama chini, kwenye povu, akaona samaki mdogo anazunguka kwenye kona ya mawe, anazunguka, tumbo juu.

"Nani?" aliuliza Mzee Elisaria.

Nilikuwa na majina mengi ningeweza kusema. Wapita njia. Watu wa kijiji cha ng'ambo. Sijui. Neno "sijui" lilikuwa limekaa ulimini kama peremende.

"Gidioni," nilisema. "Kaka yangu."

Ndipo nikapiga ukunga. Nilipiga mpaka koo likapasuka, na kilima kikajibu, na kilima cha pili kikajibu, wanawake wakiita wanawake, ndoo zikimwagwa, ng'ombe wakirudishwa. Baadhi ya wanaume wakaanza kupanda kuelekea dimbwini, na majembe yao hawakuyaacha.

Nikawatangulia. Baa ilitaka samaki wengi, nilijua umerudi kuokota; nilitaka nikufikie kwanza. Sikujua nikikufikia nifanye nini: nikufiche, nikupige mimi, nikulalie wasikuone uso.

Nilikukuta chini ya maporomoko, karibu na ndoo mbili zilizojaa samaki. Ulikuwa umerudi kumalizia kuokota. Ulikuwa umelala ubavu, nusu kwenye maji, nusu kwenye mawe. Mate yalikuwa yanakutoka kama mtoto anayeota meno. Misuli ya mashavu ilikuwa inacheza yenyewe, chini ya ngozi, kama kuna wadudu. Nikakufunua jicho: mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Ulikuwa umesimama ndani ya sumu yako tangu alfajiri, kaka, miguu mitupu, ukichanganya kwa mikono. Ulipokuja kwangu na jasho la Julai, ulikuwa umeshaanza kufa, na mimi nikakupa ndoo ya kunawa.

"Tabi," ulisema. Tangu utotoni hujaniita hivyo. "Hewa."

Wakafika. Nikasikia majembe yakigonga mawe. Kijana mmoja mwenye ng'ombe wawili, siwezi kumtaja, alinyanyua mpini. Nikakulalia. Nikafumba macho, nikasubiri kishindo.

Kilichokuja ni sauti ya Mzee Elisaria, imechoka, haina hasira wala huruma, sauti ya mtu anayegawa zamu za maji.

"Kwanza mbebeni. Mengine yatafuata."

Wakatengeneza machela kwa mipini ya majembe yao na mashati yao. Wale wale waliokuja kwa ukunga wangu ndio waliokubeba. Ningenyamaza, Gidioni, ningekuja peke yangu, na peke yangu nisingeweza hata kukutoa majini. Hili nililiona baadaye. Wakati ule nilishika chupa ya soda iliyobaki kwenye jiwe, nikaifunga kwa jani na khanga, nikakimbia nyuma yenu hadi barabarani, hadi kwenye gari la maziwa, hadi hospitali.

Daktari aliuliza ni dawa gani. Nikampa chupa. Akainusa kwa mbali, akatikisa kichwa, akaagiza sindano. Wakakuvua, wakakuosha kwa sabuni mwili mzima kama maiti, wakakuchoma sindano, wakasubiri, wakakuchoma tena.

Siku tatu nilikaa kwenye benchi nikisikiliza pumzi yako kupitia dirisha. Inakwenda. Imesimama. Inakwenda. Sijawahi kuvua kwa woga kama huo. Sikusogeza mguu. Sikukohoa.

Siku ya nne ukafungua macho ukauliza: "Mama amekula?"

Nikasema hakula. Ukageukia ukutani, mabega yakatikisika, nikatoka nje nikakuacha na hayo.

Hakufa mtu. Ng'ombe mmoja, wa bonde la chini, alikufa, na mbuzi. Lakini mto ulikufa. Tulitembea kando yake wiki nzima tukiokota na kufukia, na uvundo ukakaa vihambani hadi mvua za vuli. Kaa walikufa. Wadudu wa majini walikufa. Yule ndege mdogo wa buluu anayevua pale kwenye kona hakuonekana tena.

Ulipotoka hospitali mikono yako ilikuwa inatetemeka, na haijaacha. Ulikwenda kwa wazee na jani la isale, kama mila yetu inavyotaka mtu anapoomba msamaha. Walilipokea. Mwenye ng'ombe na mwenye mbuzi ulikubaliana nao. Kisha Mzee Elisaria akasema: "Isale limesema na sisi. Kwa maji, utasema mwenyewe." Wakaamua hivi: mwaka mzima, kila Jumamosi, kabla mfongo haujafunguliwa, Gidioni atakunywa kikombe cha kwanza, mbele ya watu. Nao watasubiri kwa muda wa kusali Baba Yetu mara tatu. Asipoanguka, watafungua.

Nilikuwepo kila Jumamosi. Wanawake wakaruhusiwa kwenye banio tangu mwaka ule, hakuna aliyetangaza, ilitokea tu. Nilikuwa nakutazama ukichota, kikombe cha bati kinagonga meno yako, maji yanakumwagikia kifuani. Baba Yetu wa kwanza. Je, kama kuna mwingine huko juu, na chupa nyingine isiyo na karatasi? Baba Yetu wa pili. Midomo yako imebadilika rangi, au ni baridi? Baba Yetu wa tatu. Amina ilikuwa inatutoka sote kama mzigo unaotuliwa.

Machi, mwezi wa joto, tulipanda wewe na mimi juu ya maporomoko. Huko sumu haikufika. Huko walikuwepo wale ambao baba aliwapandisha bila kutumwa, na watoto wao, na wajukuu, mapezi yao makali kama majani ya muwa. Nilisaga meno ya ndoana kwa jiwe ili isichane. Nilifunga uzi mwenyewe, maana vidole vyako havikubali tena. Kutwa nzima nilisimama nyuma ya jiwe, na wewe ukasimama nyuma yangu na ndoo ya maji baridi, mikono umeilowesha, inatetemeka ndani ya maji mpaka maji yenyewe yakawa yanapumua. Nikasema yatetemeshe hivyo hivyo, kaka, samaki wanataka hewa.

Tulishuka na saba. Mmoja alikufa njiani. Sita tukawamwaga dimbwini, wakakaa chini bila kusogea, muda mrefu, mrefu, na sisi tukakaa ukingoni bila kusogea, kisha mmoja akapiga mkia akapotea kwenye kivuli. Kama walizaana, sijui. Sijashika ndoana pale tangu hapo, na sijakuona ukishika.

Julai ikarudi. Mwaka ukatimia. Jumamosi iliyofuata niliamka nikijua huna haja ya kwenda, nikaenda ili nihakikishe. Ulikuwepo. Umesimama majini, kikombe mkononi.

"Mwaka umekwisha, Gidioni," alisema Mzee Elisaria.

"Najua, mzee."

"Hakuna aliyekuita."

"Najua."

Watu wakasogea ukingoni. Mama alikuwepo, nilimshika mkono kumpandisha. Ukainama kuchota, kikombe kikayumba, maji yakamwagika, ukachota tena. Ndipo mzee akaingia majini na viatu vyake, akakitoa kikombe mkononi mwako, akanywa. Alikunywa chote, bila kusali, bila kusubiri. Akainama, akachota kingine, akakushikisha kwa mikono yake miwili mpaka kikatulia.

"Leo," alisema, "kunywa kwa sababu una kiu."

Ukanywa.